Nyuma ya Bweha Kuna Nini?

Kama uko jikoni Katoma unamenya ndizi, kama umefunga duka Muleba mjini unarudi nyumbani, kama umekaa uani Kanyangereko na redio iko juu ya kigoda, karibu. Jioni hii tuzungumze juu ya bweha na bunduki.

Nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa upande wa Nshamba. Nausoma kama ulivyo, nimeondoa jina tu. "Shikamoo mzee. Mimi nafuga mbuzi. Walikuwa kumi na wanne, sasa wamebaki kumi. Bweha anawamaliza. Nimeamua kufuata utaratibu nimiliki bunduki. Naomba unishauri, kaliba ipi ni ya bei nafuu na inatosha kumuua bweha? Naomba jibu mapema, maana kuna jike ana mimba."

Marahaba, mwanangu. Mbuzi wanne si mchezo. Kwetu mbuzi ndiye ada ya shule, ndiye nauli ya kwenda hospitali, na samadi yake ndiyo inayoishika migomba isianguke. Anayesema "ni mbuzi tu" hajawahi kumuuza mmoja asubuhi ili mtoto apande basi mchana. Kwa hiyo swali lako nitalijibu kama ulivyoliuliza, kwanza kabisa, kabla sijakuambia jambo lingine lolote.

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na wenye bunduki wengi huupima kwa sehemu za inchi. Ukisikia mtu anasema raifo ya .22, maana yake tundu lile ni kama sehemu ishirini na mbili za mia za inchi, yaani milimita tano na nusu hivi. Lakini upana peke yake haukuambii nguvu. Kuna .22 ndogo, ile ambayo risasi yake ni kama kipande cha penseli na imekuwapo tangu 1887, halafu kuna .223, iliyotoka Marekani mwaka 1964. Ukiilaza mitutu yake pamoja utaona upana ni uleule. Tofauti iko nyuma ya risasi, kwenye baruti. Ile ndogo hutoka na nguvu ya kumwangusha kanga au sungura. Hii .223 hutoka kwa kasi ya karibu mita 970 kwa sekunde, na nguvu yake ni mara tisa hivi ya ile ndogo.

Huko Marekani wana mnyama anayeitwa koyote, ndugu wa bweha wetu, mkubwa kuliko bweha kidogo. Wafugaji wa kondoo humchukia kama tunavyomchukia bweha. Ukimuuliza mwindaji wa kule anatumia nini, wengi watakutajia hiyo .223, wengine .22-250 yenye kasi zaidi, wengine .243 ambayo unaweza kumpigia hata swala. Na ukiwauliza kwa nini .223, watakuambia bei. Risasi hiyo ni pacha wa milimita 5.56 inayotumiwa na majeshi mengi duniani, viwanda vinaitoa kwa mamilioni, kila duka la silaha linayo. Unafuu wake umetokana na wingi.

Kwetu wingi huo haupo. Unanunua risasi kwa idadi iliyoandikwa kwenye kibali chako, katika maduka ya kuhesabu kwa vidole, mengi yako mbali na Kagera. Bunduki iliyokuwa ya bei nafuu kule ikifika hapa huwa ghali kuilisha. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutokubeba ushauri wa watu wa mbali ukautua kwetu mzimamzima.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya nipande pikipiki Jumamosi iliyopita nikaenda Nshamba mwenyewe.

Risasi ya raifo haiishii kwenye mnyama. Tusikilizane hapa, hasa vijana. Ile .22 ndogo, unayoidhania ya kuchezea, ukiipiga kwa kuinua mtutu kidogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Hiyo .223 inaweza kufika kilomita tatu hivi. Sasa niambie, ni wapi Nshamba, ni wapi Kamachumu, ni wapi Kashozi au Maruku, utakaposimama ukatazama kilomita tatu mbele yako pasiwe na nyumba ya mtu? Wamarekani wengi wanaompiga koyote wako nyikani, mashamba ya ng'ombe yasiyo na mwisho, na nyuma ya mnyama kuna kilima kitupu. Sisi tumejengeana. Kibanja kinapakana na kibanja. Ukiona majani ya migomba yametulia, nyuma yake kuna jiko, kuna bibi anaota moto, kuna njia ya watoto kwenda shule na mtoto anayerudi na ndoo ya maji.

Kijana alinipeleka nyuma ya nyumba yake, kwenye ukingo ambapo migomba inaishia na rweya, ule uwanda wetu wa nyasi, inaanza. Yale majani ya rweya unayajua, marefu kiasi cha goti, yanayumba na upepo wa ziwa. Akanionyesha jiwe. "Hapa ndipo nitakapokaa, mzee. Bweha hupita pale, karibu na kile kichuguu." Nikamwambia, mwanangu, kaa kwenye jiwe lako. Akakaa. Nikamwambia nyoosha mkono kama mtutu, elekeza kwenye kichuguu. Akanyoosha. Nikamwambia usitazame kichuguu, tazama nyuma yake. Alitazama muda mrefu. Nyuma ya kichuguu rweya inashuka bondeni, halafu inapanda, na juu ya ule mwinuko wa pili kulikuwa na moshi. Hakuhitaji kuniambia moshi ni wa nani. Ni kwa dada yake aliyeolewa hapo ng'ambo.

Kwa hiyo jibu langu la kaliba, kwa mtu wa Bukoba na Muleba anayeishi kwenye migomba, ni hili: raifo si silaha ya kibanja, iwe nafuu iwe ghali. Kama umefuata sheria hatua zote, ukapata kibali, na kweli una mnyama anayekuvamia, basi chombo kinachokaribiana na mazingira yetu ni shotigani ya bomba kumi na mbili. Hiyo haihesabiwi kwa inchi. Kumi na mbili maana yake, mipira kumi na miwili ya madini ya risasi inayoenea tundu lile ingekuwa na uzito wa ratili moja, gramu 453 na kidogo. Ndani ya fataki yake kuna marisau, na marisau hupungua nguvu upesi. Punje za alama ya BB, zenye upana wa milimita nne na kitu, zikienda mbali sana ni mita mia tatu na hamsini au mia nne. Zile kubwa za SSG zinazidi mita mia tano, kwa hiyo hata hizo si za kuchezea. Lakini umbali wa kumwangusha bweha kwa uhakika ni hatua thelathini na tano au arobaini tu. Ukipiga kutoka mbali zaidi, unamjeruhi. Anakwenda kufia kwenye kichaka na maumivu yake, au anapona akiwa kilema. Na mnyama kilema asiyeweza tena kukimbiza panya ndiye anayekuja kutafuta kitoto cha mbuzi kilichofungwa kamba.

Kuhusu gobore sitasema mengi. Nyumba zingine kuna moja limechomekwa darini tangu enzi za babu, na mtu anaona aibu kulitoa. Gobore la kurithi bila kibali ni silaha haramu, na mtutu uliokula kutu unaweza kupasuka usoni mwako. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha bila kushitakiwa, kama Septemba na Oktoba mwaka 2023. Kipindi kingine kikitangazwa, litoe.

Sasa sheria. Kuna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Hiyo inahusu chombo: nani akimiliki, kwa sababu gani, akihifadhi wapi. Maombi yako huanzia kwa watu wanaokufahamu, serikali ya kijiji na kata, yakaenda wilayani na kuendelea juu polisi. Ni safari ndefu, na mimi nasema ni vizuri iwe ndefu. Mkoa wetu umeionja bunduki. Wazee wanaikumbuka vita ya Kagera ya 1978, na walio na umri wangu wanakumbuka miaka iliyofuata 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara na silaha zikavuka mpaka pamoja na watu wema. Mabasi ya Biharamulo yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Mtu aliyewahi kulala chini ya kiti cha basi porini haombi bunduki ziongezeke vijijini bila kuulizwa.

Sheria ya pili ni ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Hiyo inahusu mnyama. Kuwa na kibali cha bunduki hakukupi ruhusa ya kumpiga bweha, kama vile leseni ya udereva haikupi gari la jirani. Mnyama wa porini ni wa umma, na kumwinda kunahitaji kibali chake. Mtu anayelinda uhai wake au mali yake dhidi ya mnyama aliyemvamia sheria inamwelewa, lakini lazima atoe taarifa, na mzoga haugeuki kuwa wake. Halafu kuna njia ambazo sheria inazikataa: sumu, mitego ya waya, kumulika mnyama kwa taa usiku. Fikiri sasa. Bweha wa kwetu hutembea usiku. Wale wenzetu wa Marekani, katika majimbo mengi, humngojea koyote gizani na taa kali au darubini ya kuona usiku. Kwetu hiyo njia imefungwa. Unabaki na dakika chache za alfajiri na machweo, wakati huohuo watoto wanapokuwa njiani. Pima mwenyewe ni risasi ngapi utapiga kwa mwaka, na kila moja imekugharimu kiasi gani ukijumlisha bunduki, ada, nauli za kufuatilia na mahali salama pa kuihifadhi. Mbuzi utakaowaokoa watakuwa na bei ya ng'ombe.

Na hiyo sumu, waitu, niiseme kwa sauti. Kuna wanaonyunyizia dawa ya wadudu kwenye mzoga wakaacha rweyani. Bweha mmoja atakufa, sawa. Watakufa pia tai, kunguru, mbwa wako, na siku moja mtoto atashika kile kipande cha nyama. Usifanye. Hata mara moja, usifanye.

Sasa turudi Nshamba, maana lililobaki ndilo kubwa.

Usiku wa kuamkia siku niliyofika, kijana alikuwa amepoteza mwingine, mbuzi mchanga wa miezi mitatu. Alimfunika kwa majani ya migomba ili nimwone. Nilikuwa afisa mifugo kwa miaka mingi kabla ya kukaa mbele ya kinasa sauti hiki, na jambo moja nililojifunza ni kwamba mzoga husema, ukiuuliza mapema kabla ya nzi na jua. Tukauweka kwenye gunia. Nikaomba kisu kidogo.

Bweha akiua mbuzi mchanga, humkamata shingoni, chini ya taya, au kando ya tumbo. Ni mnyama mdogo, kilo saba mpaka kumi na mbili tu, hawezi kufanya fujo. Matundu ya meno yake yamekaribiana, hayafiki upana wa vidole vyako viwili. Akishaua hufungua tumbo, hula laini kwanza, na akipata nafasi hukata vipande akaondoka navyo. Chui ni kazi nyingine kabisa: tundu kubwa kooni, mnyama ameburutwa, wakati mwingine amepandishwa mtini. Fisi husaga mifupa na mara nyingi hakuachii kitu cha kuchunguza, labda pembe na damu.

Mbuzi huyu alikuwa hana hata moja kati ya hayo. Masikio yote mawili yamechanwa. Mapaja ya nyuma yameng'atwa pande zote, mkia umeng'olewa, tumbo halikufunguliwa, na nyama iliyoliwa haikufika nusu kilo. Nikachuna ngozi ya paja taratibu. Chini yake damu ilikuwa imevilia, nyeusi, imetanda kama wino kwenye karatasi. Hiyo damu ni muhimu sana, msikilizaji. Ikiwa imevilia chini ya alama ya jino, mnyama aling'atwa moyo ukiwa bado unapiga. Ukichuna ukakuta nyama nyeupe safi chini ya alama, alikuwa ameshakufa, na aliyemng'ata alikuja kula tu. Huyu aling'atwa hai, mahali pengi, na midomo zaidi ya mmoja.

Karibu na kigingi udongo ulikuwa na unyevu. Nyayo zilikuwa pana, zimetawanyika huku na huku, kucha zimechimba. Unyayo wa bweha ni mwembamba, umechongoka, na huenda njia iliyonyooka kama mtu mwenye shughuli zake.

Kijana hakusema neno. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga begani, ndiye aliyesema. "Mbwa wa baba yako mdogo hufunguliwa saa tatu usiku." Kisha akaingia ndani.

Nimeona hili mara nyingi. Mbwa wawili watatu wanaoshinda wamefungwa, hawalishwi vya kutosha, wakifunguliwa usiku wanaungana na wa jirani na kufanya mchezo ambao mchana wasingethubutu. Hawaui kwa njaa, ndiyo maana nyama inabaki. Asubuhi wamerudi wamelala mlangoni, wanatikisa mkia. Halafu bweha, ambaye husikia harufu ya damu kutoka mbali, anakuja kula makombo, na ndiye anayeonwa na mtu wa kwanza kutoka nje. Hukumu inapita.

Sisemi bweha ni malaika. Tuna bweha miraba, yule mwenye mstari mweupe ubavuni na ncha nyeupe mkiani, anayependa nchi yenye unyevu kama yetu. Kati ya bweha wa Tanzania huyu ndiye mpole zaidi; chakula chake kikubwa ni panya, wadudu, mizoga na matunda. Ndiyo, matunda. Anakula mapera yaliyoanguka. Lakini akikuta mbuzi aliyezaliwa jana amelala peke yake, atamchukua, na kuku atamchukua. Kwa wenzetu walio upande wa Kasharunga na kuelekea ziwa Burigi, karibu na hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019, hali ni ngumu zaidi. Kule kuna chui na fisi wa kweli, na mfugaji wa kule hapaswi kujadiliana na kaliba. Anapaswa kuwa na namba ya simu ya afisa wanyamapori na kuitumia.

Na kuna wengine wanaobebeshwa jina la bweha bure. Kuku wakipungua tunasema bweha. Huenda ni kicheche, huenda ni kanu, fungo, nguchiro, mondo, au mwewe mchana kweupe. Kila mmoja ana tundu lake na saa yake. Nguchiro anapenya mahali usipopitisha ngumi. Ukinunua bunduki ya bweha, unamnunulia nani?

Tena, bweha huishi wawili wawili, dume na jike, na hulinda eneo lao dhidi ya bweha wageni. Jozi inayokula panya kwenye rweya yako na haijawahi kugusa mbuzi inakulinda bila mshahara. Ukiiua, eneo linabaki wazi, na hujui atakayehamia ana tabia gani. Serikali ya Marekani, kupitia idara yake ya wanyamapori, huua koyote makumi ya maelfu kila mwaka, raia nao wanaua wengi zaidi. Karne nzima wamefanya hivyo, kwa bunduki, mitego, hata sumu. Koyote leo yuko karibu bara zima la Amerika ya Kaskazini, mpaka ndani ya miji kama Chicago. Mahali ambapo hakuwahi kuwapo, sasa yupo.

Kuna hali moja ambayo bweha ni hatari kubwa na hiyo nataka kila nyumba iijue. Ukimwona bweha mchana, hakuogopi, anatembea kama mlevi, mate yanamtoka, au anakuja moja kwa moja mpaka uani akimng'ata mbwa, usimchukulie kama mwizi wa mbuzi. Huenda ana kichaa cha mbwa. Ingiza watoto ndani, wapigie afisa mifugo na afisa wanyamapori. Kama mwenye mamlaka atalazimika kumpiga risasi, asimpige kichwa, kwa sababu ugonjwa huo huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo, na ubongo uliosambaratika haupimiki. Mzoga usiushike kwa mikono mitupu. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kuona kama ataumwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba. Chanjo kabla ya hapo inaokoa.

Na wanyama wengi wanaoleta ugonjwa huo kwa watu ni mbwa wetu wa nyumbani. Kwa hiyo mbwa wa baba mdogo walihusika mara mbili: kwa mbuzi waliokufa, na kwa kutochanjwa. Niliuliza, hawakuwa wamechanjwa hata mara moja.

Wazee wetu walilala na mifugo ndani ya msonge. Ng'ombe upande mmoja, mbuzi karibu na mlango, moto katikati. Hatutarudi huko, nyumba zetu za bati hazina nafasi hiyo na wake zetu hawatakubali, lakini fikra yao ilikuwa sahihi: usiku mnyama yuko ndani. Mbuzi wa kijana walilala wamefungwa kamba kwenye vigingi chini ya mibuni. Mbuzi aliyefungwa hawezi kukimbia, hawezi kupanda jiwe, hawezi kujikusanya na wenzake. Anangoja tu.

Tukachora banda chini kwa kijiti. Nguzo za mkaratusi, sakafu ya fito iliyoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini, nafasi kati ya fito ipitishe kinyesi isipitishe kwato. Samadi inadondoka chini kavu, unaikusanya asubuhi kwa koleo, inakwenda kwenye mgomba. Kuta za mabanzi, zilizobanana kiasi kwamba mkono wa mtoto haupiti. Mlango uwe na komeo la kweli, kamba haifai kwa mlango. Majike wenye mimba wawe na chumba chao, na anayezaa asikae rweyani na kitoto mpaka kitoto kiweze kumfuata mama yake mbio. Kondo la nyuma lifukiwe, kwa sababu harufu yake ndiyo kengele inayowaita wote: bweha, mbwa, fisi. Hesabu yote aliyoandika kwenye daftari, mbao na misumari na bati tatu, ilikuwa chini ya bei ya mbuzi wawili, kwa sababu mkaratusi ulikuwa wa kwao.

La baba yake mdogo lilikuwa gumu kuliko banda. Kijana alitaka niende mimi nimwambie. Nilikataa. Mgeni akimwambia mtu mzima kwamba mbwa wake ni wauaji, umeanzisha kesi ya miaka. Nilimwambia apeleke kile kipande cha ngozi chenye alama, akakae, amsalimie, azungumze habari za kahawa kwanza, halafu amwonyeshe bila kumtaja mbwa yeyote. Mtu anayajua meno ya mbwa wake.

Jana jioni amenipigia. Ile barua ya kuomba kumiliki silaha bado iko kwenye droo, hajaichana, na sikumwambia aichane. Banda limefika kwenye paa. Misumari ya bati imeletwa na baba mdogo, ambaye alikuja nayo asubuhi bila kuitwa, akashika nyundo mpaka saa nane. Mbwa sasa wanalala ndani ya uzio. Swali alilokuwa nalo kijana lilikuwa ni lini chanjo ya mbwa itapita kwao, nami nimemwambia wasingoje ipite, Jumatatu waende wote wawili kwa afisa mifugo wa kata wakamwandikishe kila mbwa.